Naibu gavana naye aone faili
Barua ya wazi kwa Spika wa Seneti na maseneta wa Kenya

Mheshimiwa Spika Amason Jeffah Kingi, na Waheshimiwa Maseneta,

Yupo kiongozi wa kaunti ambaye Seneti humwona vizuri pale tu anapokuwa mshtakiwa. Bernard Kiala wa Machakos alifikishwa humo mwaka 2014, akaponea. William Oduol wa Siaya alifikishwa Juni 2023, naye akaponea. Robert Monda wa Kisii alifikishwa Machi 2024, akawa naibu gavana wa kwanza nchini kuondolewa na Seneti. Kila mara mashahidi waliitwa, mawakili wakarushiana vifungu, na wananchi wakafuatilia kwenye televisheni mpaka usiku. Kisha kura ikapigwa, watu wakatawanyika, na swali lililozaa ugomvi likaachwa pale pale: kazi ya naibu gavana ni ipi hasa?

Nauliza nikiwa mpiga kura wa kawaida wa Pwani, ambaye kila uchaguzi huweka alama moja na kupata watu wawili. Mmoja namjua vyema, maana sura yake imebandikwa kila ukuta. Wa pili hupachikwa pembeni ya picha, mara nyingi akiwa mdogo kuliko nembo ya chama.

Katiba ya 2010 haikumdharau huyu wa pili. Ibara ya 179 inamtambua kuwa naibu wa afisa mkuu mtendaji wa kaunti na kumweka ndani ya kamati kuu. Ibara ya 180 inasema hapigiwi kura yake peke yake. Mgombea ugavana humteua, na wakishinda, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka humtangaza kuwa amechaguliwa. Ibara hiyo hiyo inamwekea kikomo cha mihula miwili, sawa na gavana. Walioandika hivyo hawakuwa na mtu wa kubeba salamu akilini. Hakuna anayehangaika kumwekea kikomo cha mihula mtu asiye na mamlaka yoyote.

Kisha ikaja Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Kifungu cha 32 kinampa naibu kazi ya kumkaimu gavana. Baada ya hapo kila kitu ni hiari ya mkubwa: akipenda atamkabidhi idara, asipopenda hakuna anayeweza kumuuliza. Kifungu hicho pia kinamkataza naibu anayekaimu kuteua au kufuta kazi mtu yeyote, na kinamkataza gavana kumwachia mamlaka hayo. Kwa hiyo tuna afisa aliyechaguliwa na umma, anayelipwa na umma, mwenye gari, walinzi na ofisi, ambaye sheria imeridhika akikaa miaka mitano bila kazi inayojulikana. Mitaani wanamwita spea. Sioni kama ni matusi. Ndivyo watu walivyoisoma sheria.

Lakini hesabu za miaka hii ya ugatuzi zinasema jambo jingine, na ndilo hasa lililonisukuma kuandika. Samuel Wamathai alichukua Nyeri Februari 2017 baada ya kifo cha Nderitu Gachagua. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Wahome Gakuru alifariki katika ajali ya barabarani akiwa hajamaliza miezi mitatu kazini, na Mutahi Kahiga akaapishwa. Bomet ilimpoteza Joyce Laboso Julai 2019, Hillary Barchok akashika usukani. James Nyoro aliingia Kiambu Januari 2020 Seneti ilipomwondoa Ferdinand Waititu. John Nyagarama wa Nyamira alifariki Desemba 2020, Amos Nyaribo akamrithi. Mwaka 2021 ukaleta Ahmed Ali Muktar wa Wajir na Ann Kananu wa Nairobi. Machi 2025 akaapishwa Isaac Mutuma wa Meru, baada ya mahakama kukataa kuubatilisha uamuzi wa Seneti dhidi ya Kawira Mwangaza.

Hao ni wanane, na kaunti ni 47. Vifo havitabiriki, kweli, lakini baadhi ya hao waliingia kwa sababu ninyi wenyewe, Waheshimiwa, mlipiga kura ya kuwaingiza. Kila mnapomwondoa gavana mnamkabidhi naibu kaunti nzima, pamoja na mabilioni ya mgao wa kila mwaka, madeni ya wakandarasi, kesi zilizo mahakamani na mikataba ambayo haijaisha. Je, mnajua kama mtu huyo amewahi kuziona karatasi hizo?

Mara nyingi hajaziona. Nilihudhuria mkutano mmoja wa kutoa maoni ya bajeti katika kaunti ambayo sitaitaja. Gavana hakuja, akamtuma naibu. Mheshimiwa akasoma hotuba iliyokuwa wazi kwamba hakuiandika; alikwama kwenye majina ya miradi. Mama mmoja akasimama kuuliza kwa nini zahanati ya kwao imewekewa pesa mwaka wa pili mfululizo na bado ina kuta bila paa. Naibu akamjibu kwa upole kwamba atalifikisha kwa gavana. Mama akamuuliza, "Na wewe je, mwanangu, si ni serikali?" Watu wakacheka, naye akacheka nao, lakini jibu hakuwa nalo. Baadaye, tukinywa chai, alituambia kitabu cha bajeti alikipata asubuhi ile ile, pamoja na sisi wananchi. Nilimwonea huruma kidogo. Nilimwonea huruma zaidi yule mama, kwa sababu gavana angeanguka jioni hiyo, huyu ndiye angeamka mkubwa wa zahanati yake.

Sasa tazameni yaliyotokea Nairobi, jiji lililohesabiwa watu wapatao milioni 4.4 katika sensa ya 2019. Polycarp Igathe alichaguliwa pamoja na Mike Sonko Agosti 2017. Januari 2018 akajiuzulu, akisema ameshindwa kupata imani ya gavana ya kumwezesha kuendesha utawala wa kaunti. Hata nusu mwaka haikutimia. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu, ikijibu ombi la Spika wa Bunge la Kaunti ya Embu, ilishauri kwamba kiti cha naibu kikibaki wazi gavana ateue mtu ndani ya siku 14 na bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60. Nairobi ililisikia hilo na kuendelea na mambo yake. Sonko alimpendekeza Miguna Miguna, pendekezo ambalo halikufika popote, kisha kiti kikaachwa kipoe.

Desemba 2019, akiwa anakabiliwa na kesi ya ufisadi, gavana akazuiwa na mahakama kuingia ofisini mwake. Mji mkuu ukawa na gavana asiyeruhusiwa kufika kazini na naibu asiyekuwepo. Februari 2020 Sonko akatia saini hati ya kukabidhi serikali ya kitaifa majukumu manne makubwa ya kaunti, yakiwemo afya na uchukuzi, na mwezi uliofuata Meja Jenerali Mohamed Badi akawekwa kuyasimamia. Wapo wanaosema kwamba hata kama naibu angekuwepo, walioyataka majukumu yale wangeyapata. Labda. Lakini wangelazimika kupita mbele ya mtu wa pili aliyechaguliwa na wakazi, mwenye haki ya kuhoji, na hilo peke yake lingetufaa. Gavana alipoondolewa Desemba 2020, Spika wa bunge la kaunti, Benson Mutura, ndiye aliyekaimu, kwa kuwa Katiba haikuwa na mwingine wa kumpa. Kananu, aliyependekezwa Januari 2020, aliidhinishwa na kuapishwa kuwa naibu mwaka mzima baadaye, na ugavana kamili haukumfikia hadi Novemba 2021, baada ya mvutano mwingine mahakamani.

Nimekaa kwenye mfano wa Nairobi kwa sababu pale mambo yalikuwa peupe. Ila kaunti nyingine nazo zilionja. Julai 2019 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba gavana wa Samburu, Moses Lenolkulal, aliyeshtakiwa kwa ufisadi, asikanyage ofisi ya kaunti kesi ikiendelea. Waititu wa Kiambu na baadaye Okoth Obado wa Migori wakakutana na ukuta huo huo. Manaibu wakaambiwa waendeshe kaunti, huku kifungu cha 32 kikiwaambia wasimguse mtu kazini. Waziri wa kaunti akizembea, kaimu hana la kumfanya zaidi ya kumsihi. Nakubali sababu ya katazo hilo. Gavana akisafiri wiki mbili kwa matibabu, hapaswi kurudi na kukuta baraza lake lote limebadilishwa. Lakini wiki mbili si miezi sita, na sheria inazipima kwa kipimo kimoja.

Najua mtakachoniambia. Mtasema ukimpa naibu mamlaka yake mwenyewe, umezaa magavana wawili, na fahali wawili hawakai zizi moja. Mtasema manaibu wengi wakipewa nafasi kidogo huanza kampeni za kumrithi bosi kabla zulia la ofisi halijakauka gundi. Ni kweli, nimeona. Manaibu si malaika. Wengine waliingia kwa sababu ya koo zao, wengine kwa sababu ya mifuko yao, wengine kwa sababu mgombea alitaka mwanamke, kijana au mtu wa upande wa pili wa mto, na siku ya kuapishwa ilipokwisha hakuna aliyewahi kuwauliza wanajua nini. Monda aliondolewa kwa tuhuma za kutumia cheo kujinufaisha, na sitaki sheria itakayomkinga mtu wa namna hiyo. Mlango wa kumwondoa naibu uachwe wazi kama wa gavana.

Ila hoja ya fahali wawili inaficha kitu. Ugomvi mwingi tulioushuhudia haukuanza kwa sababu naibu alikuwa na mamlaka mengi. Oduol alianza kwa kudai hadharani kwamba fedha za kaunti zinatumiwa vibaya, na gavana wake, James Orengo, ni wakili mkongwe aliyewahi kuwa seneta na anayeijua Katiba hii kuliko wengi. Hata mwaka haukuisha tangu waapishwe. Sitasema nani alikuwa na haki. Seneti ilisikiliza na kuamua. Nasema tu kwamba naibu mwenye njia halali ya kuona hesabu na kuandika pingamizi lake ndani ya kamati kuu ana sababu ndogo ya kuita waandishi wa habari. Aliyefungiwa nje ndiye hupiga kelele dirishani.

Tena wenye shida hii si sisi peke yetu. Nigeria ina majimbo 36, na katiba yao ya 1999 nayo inamwachia gavana hiari ya kumpa naibu wake majukumu. Tazameni Ondo. Mwaka 2023 gavana Rotimi Akeredolu alikuwa mgonjwa, akatibiwa Ujerumani, na mwaka huo huo bunge la jimbo lilikuwa likihangaika kumng'oa naibu wake, Lucky Aiyedatiwa. Akeredolu alifariki Desemba mwaka huo na Aiyedatiwa akaapishwa kuwa gavana. Mtu waliyetaka kumtupa ndiye aliyewaongoza. Miezi michache baadaye, Aprili 2024, Philip Shaibu wa Edo aliondolewa na bunge la jimbo lake baada ya kukosana na gavana Godwin Obaseki, na mahakama ikaja kumrejesha mwezi Julai. Taifa lenye uzoefu mrefu kuliko wetu wa serikali za majimbo bado linazunguka palepale kwa sababu liliacha jambo hili kwenye hisani ya mtu mmoja. Sioni kwa nini tuwafuate.

Upande mwingine, pale magavana walipoamua wenyewe kufanya kazi na manaibu wao, mambo hayakuharibika. Kwale, Salim Mvurya na Fatuma Achani walimaliza mihula miwili pamoja, kuanzia 2013 hadi 2022, na Mvurya alipofika ukomo wake Achani akagombea na kushinda. Leo ni mmoja wa magavana wanawake saba waliochaguliwa mwaka 2022. Kwa wale wanaomwona naibu mwanamke kuwa pambo la tiketi, hiyo kaunti ya jirani yangu iwe jibu. Lakini Kwale ilitegemea tabia ya watu wawili, na sheria haitungwi kwa kutumaini kila kaunti itabahatika.

Basi naomba nini? Naomba mkifungue kifungu cha 32 na kukiandika upya, na jambo la kwanza nililo nalo moyoni ni karatasi. Naibu gavana apewe haki ya kisheria, isiyotegemea furaha ya gavana, ya kupata kila ripoti ambayo kaunti inampelekea Msimamizi wa Bajeti, kila ripoti ya ukaguzi wa ndani, orodha ya madeni ambayo hayajalipwa, na ajenda ya kamati kuu pamoja na viambatisho vyake kabla ya kikao, wala si mlangoni pa kikao. Hili halimpunguzii gavana hata chembe ya mamlaka. Halimpi naibu uwezo wa kusaini hundi wala kuajiri dereva. Linahakikisha tu kwamba mrithi aliyetajwa na Katiba anajua anarithi nini. Gavana atakayelipinga hili, muulizeni kwa nini.

Pili, kila naibu awe na majukumu yaliyoandikwa na kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali ndani ya muda maalumu baada ya kuapishwa. Gavana aendelee kuchagua ni majukumu gani, kwa maana ndiye kiongozi, lakini asiweze kuchagua kutompa chochote. Akitaka kuyabadilisha, abadilishe kwa maandishi na nakala iende kwa bunge la kaunti. Kuhusu kukaimu, katazo la kuteua na kufuta kazi libaki kwa kipindi kifupi. Mahakama ikimzuia gavana kwa miezi, naibu apewe nafasi ya kwenda kwa wawakilishi wadi na kuomba idhini yao kwa kila uteuzi. Na zile siku 14 za kuteua mtu wa kujaza kiti kilicho wazi zipewe meno, ili asije gavana mwingine akakaa na kiti kitupu karibu miaka mitatu.

La mwisho litawakera wanasiasa, na ndiyo maana nalipenda. Nyote mnajua tiketi zinavyotengenezwa. Watu wanakutana hotelini, wanaandikiana mapatano ya siri kuhusu nani atapata idara gani, upande upi utatoa mawaziri wangapi, na baada ya ushindi kila mmoja anadai mwenzake ameyavunja. Sisi wapiga kura hatukuyaona yakiandikwa, lakini ndio tunaolipa yanapovunjika. Sheria iseme kwamba mgombea ugavana anapowasilisha karatasi zake za uteuzi, aambatanishe waraka mfupi, uliosainiwa na wote wawili, unaosema naibu atasimamia nini. Uwekwe wazi, ubandikwe pale msimamizi wa uchaguzi anapobandika majina. Anayeona aibu kuandika kwamba mgombea mwenza wake hatafanya lolote, aone aibu hiyo kabla ya uchaguzi.

Mheshimiwa Spika, uliiongoza Kilifi ukiwa gavana kuanzia 2013 hadi 2022, na mihula yako miwili ilikuwa na manaibu wawili tofauti. Humo ukumbini umezungukwa na wengine waliokaa kiti hicho, kama Ali Roba wa Mandera na Jackson Mandago wa Uasin Gishu. Mna watu wanaojua kutoka ndani jinsi mlango kati ya ofisi ya gavana na ya naibu wake unavyofungwa. Siombi mtueleze nani alimfungia nani. Nawaombeni mfanye kazi ambayo Baraza la Magavana haliwezi kufanya, kwa maana halina sababu ya kujipunguzia hiari.

Muda upo, lakini si mwingi. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na magavana wengi waliochaguliwa 2022 watataka kurudi, kila mmoja na mgombea mwenza. Mswada ukiingia ukumbini mapema, ukapita Bunge la Taifa na kutiwa saini kabla ya karatasi za uteuzi kupokelewa, waraka wa majukumu utakuwa sehemu ya karatasi hizo tangu siku ya kwanza. Ukichelewa, tutachagua tena watu 47 tusiojua watafanya nini, na ninyi, au watakaowafuata, mtaanza upya kuwasikiliza mashahidi.

Wenu katika heshima,

Mpiga kura wa Pwani